Kaseti ya waya, transmita, AUX au redio mpya: muziki wa simu kwenye gari la zamani

Tulikuwa tumekwama Igoma, foleni haisogei, na kwaya ilikuwa inaimba vizuri tu kutoka kwenye simu yangu. Mara mwanamume mwenye sauti nzito akaingia katikati ya ubeti kutangaza punguzo la magodoro. Kwaya ikarudi, ikaimba nusu mstari, magodoro nayo yakarudi. Shangazi, aliyekuwa amekaa nyuma na kapu lake la sato wa kukaanga, akauliza kwa upole: “Baba, hiyo kwaya ndiyo inauza magodoro?”

Aliyeniaibisha ni transmita ya FM, kile kidubwasha kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kikapokea muziki wa simu na kuurusha kwenye redio ya gari. Ingia duka lolote la vifaa vya simu mjini Mwanza, sema una gari la zamani na unataka kupiga nyimbo za simu. Hicho ndicho utakachowekewa mezani kabla hujamaliza kueleza. Si kwamba hakifai kabisa. Ila nimeshajaribu njia karibu zote kwenye magari matatu ya ukoo wetu: Corolla yangu yenye redio ya kaseti, Noah ya kaka yenye CD na MD, na Hiace ya mjomba inayobeba abiria. Ningeambiwa nizipange, transmita ningeiweka karibu na mkia. Kwa gari lililotoka Japani, na hapa kwetu mengi yametoka huko, kuna sababu ya ziada ambayo muuza duka hakuambii, na mara nyingi hata yeye haijui.

Kwanza itazame redio yenyewe

Kabla ya kuuliza kifaa kipi ni kizuri, kaa kiti cha dereva, washa swichi, uitazame redio inakula nini. Ina mdomo wa kaseti? Ina tundu dogo la duara lililoandikwa AUX, yaani mlango wa kuingizia sauti kwa waya? Pembeni mwa mdomo wa CD kuna maneno MP3/WMA? Kuna USB? Fungua pia droo ya dashibodi na kisanduku kilicho kati ya viti. Kwenye Noah ya kaka tulikuta humo matundu matatu ya duara, njano, nyeupe na nyekundu, yaliyokaa miaka yote yamefunikwa na risiti za petroli. Njano ni ya picha, iache. Nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na kulia, na hiyo ni AUX kamili. Kinachotakiwa ni waya wenye pini ya simu upande mmoja na vichwa viwili vya rangi upande wa pili.

Ukiona MP3/WMA, una njia rahisi kuliko zote: choma CD ya data badala ya CD ya muziki. CD ya kawaida ya muziki inaishia dakika 80. CD ileile ya MB 700, ukiijaza mafaili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, inakupa karibu saa 12. Shida ni kumpata wa kukuchomea siku hizi, na barabara ya mashimo inaifanya irukeruke. MD je? Hicho ni kidiski kidogo cha Sony cha mwaka 1992, kiliwakolea Wajapani kuliko watu wengine, ndiyo maana magari yao yamekuja na mdomo wake. Kwako wewe ni pambo.

Transmita: inaingia gari lolote, inakubaliana na machache

Transmita ni kituo cha redio chenye nguvu ya kufika viti vya nyuma. Unaichagulia masafa yaliyo wazi, redio ya gari unaiweka hapohapo, kazi imekwisha. Haitaki fundi, inachaji simu wakati huohuo, na nyingi zinasoma flashi na memori kadi, kwa hiyo hata mwenye kitochi anaweza kuhamishia kadi yake humo akaendelea na safari. Yangu nilinunua kwa Sh 15,000.

Sasa suala la Japani. Kule FM ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, na hata walipokuja kuiongeza waliishia 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Redio ya miaka ya nyuma iliyotoka Japani bila kuguswa inagota 90. Transmita inaanzia 87.5. Vinakutana kwenye kipande cha megahezi mbili na nusu tu, na kipande hicho ndicho hichohicho ambacho vituo vyetu vya chini navyo vinakigombania. Ndiyo maana mtu ananunua transmita, anaiweka 103.5 kama alivyoelekezwa, anazungusha redio mpaka mwisho bila kuipata, anairudisha dukani akilalamika kwamba ni mbovu. Nzima kabisa, ila redio yake haina chumba cha kuipokelea.

Magari mengi yalishafanyiwa dawa. Nyuma ya dashibodi, kati ya waya wa antena na redio, kumefungwa kisanduku kidogo, ekspanda, kinachoshusha masafa ya kwetu mpaka yaingie kwenye kipimo cha Kijapani. Kama redio yako inaishia 90 lakini unasikia vituo vya juu ya hapo, ujue unacho. Hapo transmita inafanya kazi, ila tarakimu hazilingani, na hakuna aliyekufundisha kutoa. Hesabu yake ni ya darasa la pili: chukua kituo ambacho masafa yake unayajua kwa sababu mtangazaji anayataja kila baada ya wimbo, tazama redio yako inakionyesha wapi, uone tofauti. Tuseme kituo cha 98.0 kinasomeka 84.0. Tofauti ni 14. Basi transmita ukiiweka 101.1, redio uiweke 87.1. Penda tarakimu za redio zilizo chini ya 87.5, kwa sababu vituo vikali vya chini ya 90 huweza kupenya kisanduku bila kushushwa, vikakukuta umekaa kwenye kiti chao.

Hata ukipatia hesabu, FM ina tabia ya mwenye nguvu kummeza mnyonge. Redio ikipata mawimbi mawili kwenye masafa mamoja haiyachanganyi kama maji na maziwa; inalishika lenye nguvu na kuliacha jingine. Wakilingana nguvu, inarukaruka kati yao. Na Mwanza yetu ni majabali matupu. Ukiwa nyuma ya mlima masafa yanaonekana tupu, umepata uwanja wako. Ukishapanda kidogo au ukitokea upande wa ziwa, kituo kilichokuwa kimekingwa kinajitokeza. Magodoro ya shangazi yalitokea hivyo. Safari ndefu ndiyo mbaya zaidi. Kutoka hapa hadi Musoma kupitia Magu, Lamadi na Bunda nilibadilisha masafa mara nne, mara moja nikiwa nimesimama kabisa pembeni, maana kubonyeza vitufe vile vidogo huku unaendesha ni kujitafutia ng'ombe barabarani.

Ujanja mmoja umenisaidia. Corolla ina antena ya kuvuta kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Nikiishusha yote ndani, vituo vya nje vinafifia, lakini transmita iliyo sentimita chache kutoka kwenye redio haitikisiki sana. Watu wengi wanafanya kinyume: sauti ikiharibika wanaivuta antena mpaka mwisho, wanamwongezea adui nguvu.

Kaseti ya waya: hii ndiyo ninayoipenda

Redio ya kaseti watu wanaing'oa kama kitu cha aibu. Mimi nimeibakiza, na sababu ni kifaa cha umbo la kaseti chenye waya mwembamba unaoishia kwenye pini ya simu. Unaiingiza kaseti, unachomeka simu, unapiga.

Moja iliponifia niliifungua kwa bisibisi ndogo nione imekaaje. Hakuna utepe. Kuna magurudumu machache ya plastiki yenye meno, na pale ambapo utepe ungepita kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio, pua kwa pua. Umeme wa muziki kutoka kwenye simu unageuka sumaku, kichwa cha redio kinaisoma kama kinavyosoma utepe wa kweli. Yale magurudumu kazi yake ni kuidanganya redio kwamba utepe unatembea, kwa sababu redio isipohisi mzunguko inaitema kaseti. Akili ya aliyebuni kitu hiki naiheshimu mpaka leo.

Kwa vile hakuna kinachorushwa hewani, hakuna kituo cha kukuingilia. Igoma, Lamadi, Bunda, kote sauti ni ileile. Masafa ya Kijapani hayakuhusu, ekspanda haikuhusu. Bei haipishani sana na ya transmita, tatizo ni kuipata: maduka ya simu hawanazo tena, nenda kwa wauza vifaa vya magari vilivyotumika au mafundi redio wa zamani, wale wenye spika zilizopasuka mlangoni.

Kasoro zake zipo. Redio inayogeuza upande yenyewe wakati mwingine inafikiri utepe umekwisha, inabadilisha upande, na muziki unanyamaza huku magurudumu yanaendelea kuzunguka. Bonyeza kitufe cha kugeuza, utarudi. Magurudumu yakichakaa yanatoa kelele ya kusaga, krr krr krr, unayoisikia wimbo ukiwa wa taratibu. Zima Dolby, kile kipunguza mvumo wa utepe, kama kuna kitufe chake, la sivyo sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Na kisafishe kichwa cha redio: kijiti cha pamba, spiriti kidogo, sugua taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Yangu ilitoka rangi ya kahawia mara tatu, vumbi la miaka na miaka, na baada ya hapo nilidhani nimebadilishiwa spika.

Jaribio la Capri Point

Jumapili moja mimi na kaka tuliegesha magari mawili Capri Point, madirisha yamefungwa, ziwa limetulia. Tulichukua rekodi ya bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, aliyoifanya mwenyewe kwa simu huko Bujora, Kisesa, yenye ngoma kubwa zinazopiga kifuani, na rumba moja ya zamani yenye magitaa mengi. Yeye akafumba macho kiti cha nyuma, mimi nikabadilisha njia bila kumwambia.

Transmita aliitambua kila mara, na hakuitambua kwa muziki. Aliitambua kwa kimya kati ya wimbo na wimbo: kulikuwa na mvumo mwembamba wa “shhh” usioondoka. Muziki ukishaanza alisema haoni ubaya. FM inabeba sauti mpaka kilohezi 15, na kwa masikio yetu ya kuanzia miaka arobaini hiyo inatosha. Kaseti ya waya ilikuwa safi kwenye magitaa, ila ngoma ya bugobogobo ilikonda kidogo upande wa besi. Tukahamia Noah, tukachomeka waya kwenye yale matundu ya droo, na ngoma ilipoanza kaka alifumbua macho. “Hii sasa ina tumbo,” akasema.

Kisha akawasha injini, simu ikiwa kwenye chaja, na AUX yetu tuliyoisifia ikaanza kulia kama mbu: ngiiii. Akikanyaga mafuta mbu anapandisha sauti, akiachia anashusha.

AUX: bora kuliko zote, pamoja na mbu wake

Mbu huyo anatoka kwenye altaneta, ile inayozalisha umeme wa gari injini ikizunguka. Simu ikichajiwa na umeme wa gari na wakati huohuo imeunganishwa kwa waya na redio ya gari hilohilo, nguzo hasi inakuwa na njia mbili, na kelele ya umeme inapita kwenye njia ya muziki. Jaribu: chomoa chaja. Kelele ikikata palepale, umeshajua ugonjwa. Dawa rahisi ni kuchaji simu kwa pawabenki wakati unapiga muziki. Dawa ya kudumu ni kifaa kidogo mfano wa kidole gumba kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo zinazopitisha muziki bila kuunganisha umeme wa pande mbili. Mafundi wengine wanakiita kichujio, wengine wanaita tu “kile cha kuua kelele”. Kaka alikinunua, mbu akafa.

Kuna kasoro nyingine ya AUX inayowachanganya watu mpaka wanabadilisha spika bila sababu. Mwimbaji anapotea, vinanda vinabaki, kama wimbo wa karaoke. Pini haijaingia vizuri, au mguso wake wa chini, ule wa hasi, umelegea. Ukikosekana huo, spika zinabaki kucheza tofauti kati ya kushoto na kulia, na kwa kuwa sauti ya mwimbaji huwekwa sawa pande zote mbili, inajifuta yenyewe. Isukume pini mpaka ilie “tik”. Isipolia, toa uchafu kwenye tundu la simu kwa kijiti cha meno. Nyuzi za mfukoni zinajikusanya humo kuliko unavyofikiri.

Kama simu yako haina tundu la hedifoni, utahitaji kiunganishi cha USB-C kwenda pini ya duara. Hapo usichukue cha kwanza unachokiona. Baadhi havina chombo cha kugeuza sauti ndani, vinategemea simu ifanye kazi hiyo, na simu nyingi haziifanyi. Utachomeka na kimya kitakujibu. Kijaribie dukani na simu yako mwenyewe.

Redio isiyo na tundu la AUX bado inaweza kuwekewa. Fundi mzuri anaifungua, anatafuta pale sauti ya CD au kaseti inapopita kabla ya kufika kwenye kikuza sauti, anachomelea waya tatu na kukutolea tundu chini ya dashibodi. Utaingiza kaseti au CD yenye kimya ili redio ibaki kwenye upande huo, halafu simu inaimba. Kwa mtu anayejua ni kazi ya muda mfupi. Kwa asiyejua ni mwisho wa redio. Mmoja aliwahi kunirudishia redio ya jirani yangu ikiwa na skrubu tatu za ziada kwenye mfuko wa nailoni na maneno, “hizi hazikuwa na kazi.” Uliza kwanza kama amewahi kufanya, na mwambie akuonyeshe gari.

Bluetooth nitaipitia haraka. Vile vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye AUX ni vizuri, vinaondoa waya, na tofauti ya sauti na waya kwenye gari linalotembea huisikii. Lakini vinahitaji hiyo AUX. Kila wiki kuna mtu anakinunua akidhani kitaongea na redio yake kwa uchawi. Zipo pia kaseti za Bluetooth zenye betri ndani. Ni nzuri mpaka siku betri inapokwisha katikati ya Misungwi.

Redio mpya: mjomba na Hiace yake

Mjomba hakutaka masomo. “Ng'wanawane, abiria wangu wanashuka Buhongwa, hawashuki Japani,” akaniambia, akang'oa redio ya zamani na kufunga mpya ya bei nafuu yenye USB, kadi, Bluetooth na AUX. Kwa biashara yake alikuwa sahihi. Konda anachomeka flashi asubuhi, haigusi mpaka jioni, na redio mpya inashika 87.5 mpaka 108 bila ekspanda. Kama unapenda kusikiliza vituo vya hapa kuliko nyimbo za simu, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kubadilisha.

Ila kaa na fundi anapofunga. Waya wa njano unatakiwa uende kwenye umeme wa kudumu, mwekundu kwenye umeme wa swichi, mweusi kwenye bodi. Akizigeuza njano na nyekundu, redio inasahau saa na vituo kila ukizima gari. Akiziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio hailali kabisa, na asubuhi betri imekwisha. Spika zina jozi nne: nyeupe na kijivu ni za mbele, kijani na zambarau za nyuma, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi. Na ile ekspanda ya zamani lazima itolewe kwenye waya wa antena. Ya mjomba ilisahauliwa. Siku mbili nzima redio mpya ilikuwa inashika vituo kwenye tarakimu za ajabu, yeye akalaumu mvua.

Vipimo navyo: redio hizi zina upana wa sentimita 18 na kimo cha 5, au 10 kwa zile kubwa, ilhali nafasi ya Toyota nyingi ni sentimita 20. Bila fremu ya pembeni utabaki na mianya miwili ambayo sarafu zitatumbukia. Na usitishwe na maandishi ya 4 × 60W. Tazama fyuzi ya nyuma. Ikiwa ni ya ampea 10, hata kwa volti 14.4 za injini ikiwaka, redio yote haiwezi kula zaidi ya wati 144, sasa hizo 240 zinatoka wapi? Redio ya Kijapani uliyoing'oa, isiyojisifu popote, mara nyingi ilikuwa na kikuza sauti kizuri kuliko hiyo.

Mwenye Fuso au Coaster ya volti 24 awe macho zaidi: redio ya volti 12 ikipewa 24 moja kwa moja inaungua, na moshi wake unanuka wiki nzima.

Flashi ikigoma kusomwa, usikimbilie kununua nyingine. Redio nyingi, mpya za bei rahisi na za zamani zenye USB, zinasoma mpangilio wa FAT32 tu, na flashi za GB 64 kwenda juu kwa kawaida zinauzwa zikiwa na mpangilio wa exFAT. Tafuta ya GB 32 au umwambie mwenye kompyuta aifute na kuipanga upya.

Kuna kundi moja ninalolihurumia: wenye redio kubwa za ramani za Kijapani. Betri ikitolewa siku moja tu kwa fundi, redio inaamka ikidai kadi ya ramani, kioo kizima ni maandishi ya Kijapani, haipigi chochote. Hapo mjadala wa AUX na transmita haupo mpaka redio ifunguliwe. Kama yako bado inafanya kazi, mwambie kila fundi, kabla hajagusa betri, ahakikishe kadi yenyewe ipo mahali pake. Nyingi za redio hizo zina Bluetooth au AUX iliyojificha kwenye menyu, ni lugha tu inayozificha. Simu ya kutafsiri picha inasaidia sana.

Na ile spika ndogo ya kuchaji iliyowekwa juu ya dashibodi? Inaimba, haidai chochote kwa redio. Kwa safari ya Nyegezi kwenda mjini inatosha. Kwenye barabara ya vumbi yenye madirisha wazi inazidiwa, na kona ya kwanza kali inaishia miguuni kwa dereva, karibu na breki. Mimi siitaki garini.

Ukiniuliza uchukue ipi

Redio yenye AUX au matundu ya rangi kwenye droo: waya, pamoja na kile cha kuua kelele, usitafute kingine. Redio ya kaseti inayofanya kazi: kaseti ya waya, hata ukiizunguka Mwanza nzima kuitafuta. Gari la biashara, au redio iliyokufa: redio mpya, na usimame karibu na fundi. Transmita ichukue kama gari si lako, au redio ina CD tu na hutaki ifunguliwe, na hapo piga kwanza ile hesabu ya kutoa. Muuza duka atakuambia haina haja.

Na nyimbo zipakue kabisa kwenye simu ukiwa mjini. Kusikiliza moja kwa moja mtandaoni kwa kilobiti 128 ni kama MB 58 kwa saa, siyo nyingi, lakini kuna vipande vya barabara ambapo mtandao unapotea na kimya kinaingia palepale wimbo ulipokuwa unapendeza.

Mwezi uliopita shangazi alipanda tena, safari hii tunakwenda Magu msibani. Aliketi mbele. Alitazama ule waya unaotoka kwenye mdomo wa redio, akatazama simu, akauliza hicho kilichoingia humo ni kaseti kweli. Nikamweleza. Akafungua mkoba wake, akatoa kaseti ya kwaya iliyofungwa kwa raba, karatasi yake imeshapauka, akasema ina miaka haijapata pa kupigia. Nikachomoa yangu ya waya, nikaingiza yake. Redio ikaisikiliza kidogo, ikakubali.